Mapatano Yasiyo na Maneno

Februari 1982, wakuu wawili wa mashirika ya ndege walizungumza kwa simu huko Texas. Mmoja alikuwa Robert Crandall, rais wa American Airlines. Mwingine alikuwa Howard Putnam wa Braniff. Mashirika yote mawili yalikuwa na kitovu chake katika uwanja wa Dallas–Fort Worth, na kwa pamoja yalibeba karibu robo tatu ya abiria waliopanda ndege uwanjani hapo. Yalikuwa katikati ya vita vya nauli vilivyoyatafuna yote mawili. Crandall alisema ni upumbavu kukaa wakitwangana wakati hakuna anayepata hata senti. Putnam akamuuliza kama ana ushauri wowote. Anao, akajibu Crandall: pandisha nauli zako kwa asilimia 20, nami kesho asubuhi nitapandisha zangu. Putnam akamkumbusha kwamba hawaruhusiwi kuzungumzia bei. Crandall akajibu, kwa lugha nisiyoweza kuiandika hapa, kwamba wanaweza kuzungumza lolote walitakalo.

Hakujua kwamba simu ilikuwa ikirekodiwa. Kanda ile iliishia mikononi mwa Wizara ya Sheria ya Marekani, na hapo mawakili wa serikali wakakutana na kikwazo ambacho mtu asiye mwanasheria asingekitarajia. Sheria ilikataza mapatano ya kupandisha bei. Putnam alikuwa amekataa. Ombi lilikuwepo, lenye kiwango na saa ya utekelezaji, lakini mapatano hayakuwepo. Ikabidi Crandall na shirika lake washtakiwe kwa kosa jingine, la kujaribu kuhodhi soko. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi. Mahakama ya Rufani iliifufua mwaka 1984, na mwaka uliofuata ikamalizwa kwa makubaliano, sehemu yake ikiwa ni kwamba Crandall aweke kumbukumbu za maandishi za mazungumzo yake na wakuu wa mashirika mengine. Kufikia wakati huo Braniff ilikuwa imekwisha kufilisika, tangu Mei 1982.

Naanzia kwenye simu hiyo kwa sababu ndani yake mna kila kitu ambacho sheria ya ushindani imezoea kukitafuta: sauti ya mtu, jina lake, kiasi cha ongezeko na muda wa kuanza. Miaka 40 baadaye, serikali ileile ilianza kuchunguza namna kodi za nyumba zilivyokuwa zikipangwa katika miji mingi ya nchi hiyo. Safari hii hakukuwa na kanda ya kusikiliza. Kulikuwa na programu ya kompyuta, na wenye nyumba waliokuwa wakiipelekea taarifa zao kila siku.

Sheria yenyewe ni ya zamani na ni fupi. Ilipewa jina la Seneta John Sherman wa Ohio, na Rais Benjamin Harrison aliitia saini tarehe 2 Julai 1890, enzi ya wakubwa wa mafuta, reli na sukari. Kifungu chake cha kwanza kinaharamisha kila mkataba, muungano au njama inayobana biashara. Uzito wote umelala kwenye neno hilo la mwisho. Kwa Kiswahili njama huliwa, na mtu hali njama peke yake. Lazima kuwe na wenzake, na lazima wakutane mahali. Waliotunga sheria ile Washington waliamini hivyohivyo bila kukijua Kiswahili.

Na kwa kweli wafanyabiashara wa chuma walikula. Novemba 1907, baada ya mtikisiko mkubwa wa benki, Elbert Gary, mwenyekiti wa kampuni ya US Steel, aliwaalika wakuu wa viwanda vya chuma kwa chakula cha jioni katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York. Watu walimwita Jaji Gary, kwa kuwa aliwahi kuwa jaji huko Illinois. Hakuna aliyetia saini karatasi yoyote mezani pale. Kila mmoja alieleza hali ya kiwanda chake na nia yake kuhusu bei, kisha heshima ya muungwana kwa muungwana ikafanya kazi iliyobaki. Karamu hizo ziliendelea hadi 1911, mwaka ambao serikali iliishtaki US Steel. Mwaka 1920 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 4 dhidi ya 3 kwamba kampuni haina hatia. Karamu zilikuwa zimeachwa kabla kesi haijafunguliwa, na ukubwa wa kampuni peke yake, walisema majaji, si kosa.

Baada ya hapo mahakama zilikuwa kali zaidi kwa waliokutwa wamekaa meza moja. Swali gumu lilikuwa la wale ambao hawakukaa pamoja kabisa. Fikiria maduka mawili ya mtaani yanayotazamana. Asubuhi moja huyu anapandisha bei ya sukari. Yule wa ng'ambo anaiona, naye anapandisha. Hawakusalimiana hata kwa ishara. Je, wamekula njama? Mwaka 1954, katika kesi ya ukumbi wa sinema wa vitongojini Baltimore ulionyimwa filamu mpya na wasambazaji wote, Mahakama ya Juu ilijibu kwamba kufanana kwa mwenendo peke yake si mapatano. Mwaka 1962 Donald Turner, profesa wa Harvard ambaye baadaye angeongoza kitengo cha ushindani cha Wizara ya Sheria, alilitetea jibu hilo kwa hoja ambayo haijapata mpinzani mwepesi: jaji atatoa amri gani? Atamwamuru mwenye duka ajifanye hamwoni jirani yake?

Wengi waliipokea hoja hiyo bila hofu, kwa imani kwamba mapatano ya kimya hayadumu ila pale wauzaji ni wachache sana na bidhaa ni ileile. Wakiwa 20, kila mmoja na bei mia, nani atamfuatilia nani? Kuna atakayechelewa kuona, na kuna atakayetilia shaka. Mwingine ataiba wateja usiku kwa kushusha bei kidogo. Ulinzi wa mnunuzi, kwa maneno mengine, ulitegemea udhaifu wa binadamu: macho yake mazito, kumbukumbu yake fupi, tamaa yake ya kumzunguka mwenzake. Hakuna aliyejiuliza kwa dhati itakuwaje siku macho mazito yatakapobadilishwa na macho yasiyolala.

Siku hiyo ilianza kukaribia katika biashara ileile ya ndege. Hadi 1978 nauli za safari za ndani nchini Marekani zilisimamiwa na serikali. Sheria ya mwaka huo ikafungua soko, na mashirika yakaanza kubadilisha nauli kila siku, maelfu kwa maelfu. Mabadiliko hayo yalipelekwa kwenye chombo kimoja kilichomilikiwa na mashirika yenyewe, Airline Tariff Publishing Company, ambacho kilizikusanya nauli na kuzisambaza kwenye kompyuta za mawakala na za mashirika yote. Ilikuwa kazi halali na ya lazima, maana wakala hawezi kuuza tiketi asiyoijua bei.

Lakini kila nauli iliambatana na vitu viwili vidogo: tarehe za kwanza na za mwisho za kuuzwa kwa tiketi, na alama za tanbihi. Humo ndimo mazungumzo yalimohamia. Shirika moja lingeingiza ongezeko kwenye njia fulani, lianze wiki mbili zijazo. Hakuna abiria aliyekuwa akinunua kwa bei hiyo, kwa sababu ilikuwa bado haijaanza. Walioiona ni washindani. Wakiingiza ongezeko lilelile kwa tarehe ileile, siku ikifika bei inapanda kwa wote. Mmoja akigoma, mwanzilishi anaisogeza tarehe mbele, au anaiondoa nauli kabisa kabla haijamgharimu hata abiria mmoja. Na kulikuwa na adhabu. Shirika lililogoma lingeweza kukuta mshindani ameshusha nauli kwenye njia ambayo lenyewe linaitegemea, pamoja na alama inayolifanya lielewe kosa lake ni lipi.

Desemba 1992 Wizara ya Sheria ilikishtaki chombo hicho pamoja na mashirika manane, yakiwemo American, Delta, United na Alaska. Ilidai kwamba kompyuta zilikuwa zimegeuzwa chumba cha majadiliano, na ilikadiria kwamba kati ya 1988 na 1992 abiria huenda walilipa hadi dola bilioni 1.9 zaidi ya walivyostahili. Mwaka 1994 kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Hakuna aliyekiri kosa. Mashirika yalipigwa marufuku kutumia tarehe na tanbihi kwa namna ile.

Mimi naiona kesi hiyo kuwa ya maana kuliko nyingi zenye majina makubwa, na pia naona ilikatishwa mapema mno. Kwa kuwa haikufika mwisho, hakuna jaji aliyeandika hukumu ya kueleza ni lini namba zinazopita kwenye kompyuta zinageuka kuwa maneno. Mawakili waliokuja baadaye walilazimika kulianza swali hilo upya kabisa, na wapangaji wa nyumba ndio walioilipia hasara hiyo.

Mmoja wa wataalamu waliofanya kazi Alaska Airlines miaka ya 1980, katika kitengo kilichotumia programu kupanga nauli, baadaye alihamia biashara ya nyumba. Miaka mingi baada ya hapo alilisimulia shirika la habari la ProPublica jinsi maofisa wa serikali walivyofika ofisini kwake wakati ule na kuondoka na kompyuta na nyaraka, na jinsi yeye na wenzake walivyokuwa hawajui kwamba walichokifanya kingeitwa njama. Huko kwenye nyumba akawa miongoni mwa waliobuni programu iitwayo YieldStar, ya kampuni ya RealPage yenye makao Texas.

Zamani kodi ya nyumba ilipangwa na meneja wa jengo. Alihesabu vyumba vitupu, akapiga simu kwa majengo ya jirani kujua wanatoza nini, akamtazama mpangaji usoni. Kanuni ya kazi ilikuwa vyumba vijae kwanza. Mtaalamu yule aliona tatizo katika kanuni hiyo, na aliliambia ProPublica bila kuficha kwamba mawakala wa kupangisha walikuwa na huruma kupita kiasi. Programu haina huruma. Ikiona kwamba mwenye jengo atapata zaidi kwa kupandisha kodi na kuacha vyumba kadhaa bila watu, itapendekeza hivyo, na kesho itapendekeza tena.

Ukali wa hesabu peke yake haungekuwa kosa la sheria. Mfanyabiashara anaruhusiwa kuwa na mhasibu mkali. Jambo lililo zito ni chakula ambacho programu hii ililishwa. Kila mwenye jengo aliyejiunga alipeleka taarifa za mikataba yake halisi: kodi inayolipwa kweli, tofauti na ile iliyobandikwa kwenye tangazo, vyumba vilivyo vitupu, mikataba inayokwisha mwezi ujao. Hizo ni siri ambazo mtu na akili zake hampi mshindani. Programu ilizisoma zote kwa pamoja, kisha kila siku ikampa kila mwenye jengo bei ya kila chumba. Katika eneo moja la katikati ya Seattle, ProPublica ilikuta kwamba asilimia 70 ya nyumba za kupanga zilisimamiwa na kampuni 10, na zote 10 zilitumia programu za bei za RealPage.

Kabla sijafika kwenye kesi ya RealPage yenyewe, kuna matukio kadhaa ya miaka ya katikati ambayo yanaonyesha jinsi wanasheria walivyokuwa wakipapasa gizani. Mwaka 2011 mwanabiolojia mmoja wa Marekani alikuta kitabu cha kitaalamu kuhusu nzi, The Making of a Fly, kikiuzwa Amazon kwa dola 23,698,655.93, gharama ya posta kando. Wauzaji wawili walikuwa wameachia kompyuta kupanga bei. Moja ilijiweka kila siku chini kidogo tu ya mwenzake. Nyingine ilijiweka juu ya mwenzake kwa robo na ushei. Zikafukuzana hadi mamilioni na hakuna binadamu aliyetazama. Watu walicheka. Lakini kilichodhihirika pale kilikuwa kikubwa: mashine mbili zisizofahamiana, kila moja ikifuata kanuni yake, zinaweza kuipeleka bei mahali ambapo hakuna mmiliki aliyekusudia.

Aprili 2015 serikali ya Marekani ilipata kesi yake ya kwanza ya aina hii, na ilikuwa rahisi. Muuzaji wa mabango ya ukutani kwenye soko la Amazon alikiri kwamba yeye na wenzake walikubaliana bei kisha wakaandika programu ya kuitekeleza. Faini yake ilikuwa dola 20,000. Hapo kompyuta ilikuwa tarishi tu, na njama ilikuwa imekwisha kuliwa na watu.

Lithuania ilitoa kesi ngumu zaidi. Mawakala wa utalii walitumia mfumo mmoja wa kuuzia safari, uitwao Eturas. Msimamizi wa mfumo aliwatumia wote ujumbe kwamba punguzo la bei halitazidi asilimia 3, na mfumo ukawekwa hivyo. Mawakala hawakujibu. Wengine walisema hata hawakuusoma. Januari 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kutumwa kwa ujumbe peke yake hakutoshi, ila wakala aliyeufahamu akaendelea na biashara bila kujitenga hadharani anaweza kudhaniwa kuwa ameshiriki. Ulaya ilikuwa na nafasi ya kusema hivyo, kwa kuwa sheria yake, tangu Mkataba wa Roma wa 1957, haikuishia kwenye neno mapatano. Inakataza pia vitendo vya kuafikiana, yaani pale washindani wanapoacha kuviziana na kuanza kutegemeana hata kama hakuna ahadi iliyotamkwa.

Mwaka 2017 Maureen Ohlhausen, aliyekuwa akiiongoza kwa muda Tume ya Biashara ya Marekani, alitoa kipimo kilichosambaa kwa wanasheria wengi. Badala ya kusema programu, alishauri, sema jamaa mmoja anayeitwa Bob. Je, inaruhusiwa Bob akusanye siri za bei za wauzaji wote sokoni, kisha amwambie kila mmoja atoze kiasi gani? Ikiwa Bob haruhusiwi, yaelekea na programu hairuhusiwi. Ni kipimo kizuri kwa mtu anayeanza. Udhaifu wake ni kwamba Bob anajua anachokifanya, na mashine inayojifunza yenyewe huenda haikuambiwa lolote.

Hilo lilithibitishwa na wachumi wanne wa Italia. Emilio Calvano na wenzake walitengeneza soko la kubuni ndani ya kompyuta na kuingiza mashine za kupanga bei zilizoanza bila kujua chochote. Hazikuambiwa zishirikiane. Hazikuwa na njia ya kupeana ujumbe. Amri yake ilikuwa moja: jaribu, kosea, jifunze faida iko wapi. Katika makala yao ya mwaka 2020 walieleza kwamba mashine hizo, jaribio baada ya jaribio, zilijifunza kutoza bei za juu kuliko za ushindani, na zilizilinda kwa adhabu. Moja ikishusha bei, nyingine nayo inashusha kwa muda, kisha taratibu zote zinarudi juu. Ni mwenendo uleule wa mashirika ya ndege ya 1988, ila safari hii hakuna ofisi ambayo maofisa wangeivamia na kuondoka na nyaraka.

Mtu angeweza kusema hayo ni maabara. Lakini Ujerumani kuna vituo vya mafuta, na tangu 2013 vituo hivyo hulazimika kuripoti kila badiliko la bei kwa mamlaka ya ushindani. Mwaka 2017 programu za kupanga bei zilienea nchini humo, na watafiti wakapata nafasi adimu ya kutazama kabla na baada. Kituo kilicho peke yake mahali pake hakikuongeza faida kwa kutumia programu. Pale vilipo viwili, kimoja kikijiunga na kingine kisijiunge, hakuna kilichobadilika. Vyote viwili vilipojiunga, faida kwa kila lita ilipanda. Ukinitaka nitaje utafiti mmoja unaopaswa kusomwa na kila jaji wa kesi hizi, nitautaja huo.

Oktoba 2022 ProPublica ilichapisha uchunguzi wake kuhusu RealPage, na ndani ya wiki chache wapangaji walikuwa wamefungua kesi. Tarehe 23 Agosti 2024 Wizara ya Sheria pamoja na majimbo manane iliishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya North Carolina. Nyaraka za ndani zilizowekwa kwenye mashtaka ni za kusikitisha kuzisoma. Mkuu mmoja wa kampuni anaeleza kwamba kuna heri kubwa zaidi wote wakifanikiwa kuliko kushindana kwa namna inayoirudisha nyuma biashara nzima. Mwenye majengo mmoja anaisifu programu kwa kuwa inatumia taarifa za siri za wateja wengine kupendekeza kodi, na analitaja jambo hilo kwa jina lake: kupanga bei. Kama ni kanda ya simu ya 1982 iliyokuwa ikitafutwa, hiyo hapo, kwa maandishi.

RealPage ilijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kupuuzwa. Ilisema programu inapendekeza tu na mwenye nyumba ana hiari ya kukataa, kwamba wakati mwingine inashusha kodi, na kwamba nyumba ni ghali kwa sababu ni chache. Uhaba wa nyumba ni kweli. Lakini uhaba hauelezi kwa nini mwenye jengo aifungulie mashine inayowahudumia washindani wake daftari lake la mikataba. Desemba 2024 wachumi wa Ikulu ya Marekani walikadiria kwamba programu za aina hii ziliwagharimu wapangaji dola bilioni 3.8 katika mwaka 2023 pekee, wastani wa dola 70 kwa mwezi kwa nyumba zilizohusika. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa saa, dola 70 ni chakula.

Novemba 2025 Wizara na RealPage walipeleka mahakamani mapatano. Hakuna kosa lililokiriwa wala faini iliyotozwa. Programu haitatumia tena taarifa za siri za washindani katika kupendekeza bei, na zitakazotumika kuifundisha zitapaswa kuwa na umri wa angalau miezi 12. Msimamizi wa mahakama atatazama. Kwa mara ya pili, kama mwaka 1994, swali kubwa liliondoka mahakamani bila hukumu.

Las Vegas walau hukumu ilitoka, nayo ilikwenda upande mwingine. Wageni wa hoteli walidai kwamba hoteli kubwa za jiji hilo zilipandisha bei kwa kutumia programu ya muuzaji mmoja. Agosti 2025 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na jaji wa chini aliyekuwa ameitupa kesi. Hoteli hazikuonyeshwa kuchanganya siri zao kupitia programu ile, na kila moja ilikuwa huru kuyapuuza mapendekezo. Nakubaliana na majaji kwamba kununua kifaa kilekile si njama. Waliponiacha na wasiwasi ni hapo kwenye uhuru wa kukataa, maana vituo vya mafuta vya Ujerumani navyo vilikuwa huru.

Wakati huohuo mashine zenyewe zimebadilika. Mwaka 2024 watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walirudia jaribio la Waitalia kwa kutumia akili mnemba ya kizazi kipya, ile ambayo Wakenya huiita akili unde, inayosoma na kuandika lugha ya watu. Waliipa kazi ya kupanga bei na kuiagiza kwa maneno ya kawaida ilinde faida ya muda mrefu. Haikuhitaji maelfu ya majaribio kama zile za 2020. Ilifika kwenye bei za juu haraka, na mabadiliko madogo ya maneno ya agizo, yasiyotaja ushirikiano wowote, yalitosha kupandisha au kushusha bei hizo.

Mabunge yameanza kuchoka kuzisubiri mahakama. San Francisco ilipiga marufuku programu za kupanga kodi kwa taarifa za siri mwaka 2024, Philadelphia ikafuata. Oktoba 2025 Gavana wa New York alitia saini katazo la jimbo zima, na mwezi huohuo California ikapitisha sheria inayogusa programu za pamoja za bei katika biashara zote, si nyumba tu.

Afrika Mashariki haijaona kesi kama hizo, lakini haianzi mikono mitupu. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 imebeba maneno yaleyale ya Ulaya, vitendo vya kuafikiana, na ile ya Tanzania ya 2003 inahesabu hata mpango au maelewano kuwa ni mapatano. Kwa maandishi, zote mbili zinafika mbali kuliko ile ya Sherman. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilionyesha Agosti 2023 kwamba ina meno, ilipovitoza viwanda tisa vya chuma shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei. Hiyo ilikuwa njama ya kizamani, ya watu na watu, katika biashara ileile ya Jaji Gary. Nauli za teksi za mtandaoni Nairobi na Dar es Salaam tayari zinapangwa na programu, na kodi za nyumba na vyumba vya hoteli haziko mbali.

Kwa wanaozisimamia sheria hizo nina ombi moja: waajiri watu wanaoweza kuisoma programu kama wakaguzi wanavyosoma vitabu vya hesabu, na wafanye hivyo kabla kesi ya kwanza haijafika mezani. Na wewe msomaji, siku utakapoambiwa kwamba bei imepangwa na mfumo, usiondoke bila kuuliza mfumo huo unasoma madaftari ya nani.